Nilivyomhamishia Dada Kura ya Baba

Kama wiki iliyopita ulikuwa na shughuli za maana kuliko kusoma aibu zangu, basi kwa ufupi ni hivi. Nilikuwa nauza dawa. Nikamtolea mama mmoja mtu mzima kidonge chake sikioni, kwa kiinimacho, ili acheke. Hakucheka. Alikataa kumeza dawa iliyotoka masikioni, akapandisha presha palepale dukani, na mwenye duka akanitoa mimi, kwa njia ya kawaida kabisa, mlangoni.

Tangu hapo nauza misumari, bawaba na kufuli kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari haipandishi presha. Nikadhani mikosi imeniacha.

Watu wananiita Vidole. Jina alinipa Baba, na kazi ya vidole alinifundisha yeye. Alikuwa fundi wa suti, miaka arobaini nyuma ya cherehani moja. Wateja wakichelewa alivua kastabini yake, kile kikofia cha chuma anachovaa fundi asijichome sindano, akaipoteza mbele ya macho yangu na kuikuta kwenye mfuko wa shati langu. Nikiomba anifundishe, alisema siri haimo mkononi.

"Muulize mtu swali," aliniambia. "Akiulizwa, atakuangalia usoni. Hapo ndipo mkono ufanye kazi yake."

Alinifundisha ili nichekeshe watu. Sasa sikilizeni nilivyoyatumia mafunzo hayo.

Mama alipofariki, kumbukumbu za Baba zilianza kuaga moja moja. Alisahau kama amekula. Alisahau jina la Kaka, akawa anamwita Bwana Mkaguzi, na Kaka, kwa kuwa kweli ni mkaguzi wa shule, hakulichukia. Kisha siku moja alisahau pasi ya moto juu ya suruali ya mteja ambaye alishazikwa zamani. Moshi ukafika kwa majirani. Daktari akasema basi, mzee huyu haishi peke yake tena.

Tuko watoto watatu na tunampenda Baba sana. Tulimpenda kiasi kwamba kila mmoja aliona Baba anastahili nyumba nzuri kuliko yake.

"Kwangu kuna ngazi," alisema Kaka. Ngazi zenyewe nne, na yeye huzipanda akipiga mluzi.

"Mimi nafanya kazi kwa zamu," alisema Dada, ambaye ni muuguzi wodi ya wazazi. "Na shemeji yenu mnamjua."

Tulimjua. Ni mtu anayesumbuliwa na sauti ya kijiko kwenye kikombe.

"Kwangu ni chumba na sebule," nilisema mimi, kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi njia nzima.

Kaka hapendi jambo lisilo na utaratibu. Alituita kwake Jumamosi mchana, akatuweka kwenye meza ya kioo, akatangaza kwamba tutapiga kura. Vikaratasi vitatu ndani ya kikombe. Viwili vitupu, na kimoja amekitia alama ya kosa, ile ya mwalimu, kwa wino mwekundu. Atakayekipata anaondoka na Baba siku hiyohiyo.

Ndiyo. Baba yetu alikuwa alama ya kosa. Hakuna aliyeshangaa.

"Vidole, kunja mikono ya shati," Kaka akaamuru. "Mikono mezani. Tunakujua."

Nikakunja. Nikaweka mikono mezani kama mtuhumiwa. Baba mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. Tulikuwa tunamzungumzia kama kabati linalotafutiwa nafasi.

"Kila mtu achukue kimoja, akiweke mbele yake, asifungue mpaka nitamke," Kaka akasema.

Nikawa wa kwanza kuingiza mkono kikombeni. Kikaratasi kikapita chini ya ukucha wa kidole gumba, pembe ikafunguka kidogo tu. Nikaona wekundu.

Bahati yangu haijawahi kunidanganya. Ikiwa kuna kibaya kati ya vitatu, mimi nakipata bila kuchagua.

Nikakiweka mezani. Dada akachukua chake, akakiweka mbele yake, karibu na bakuli la sukari. Kaka akachukua cha mwisho.

"Dada, nisogezee sukari," nikasema. "Enhe, halafu yule mama wa mapacha alijifungua salama?"

Dada akainua uso. Macho yake yaliyochoka yakachangamka. "Salama! Wote wawili! Yaani mdogo wangu, ungeona..."

Mkono wangu ulipita juu ya meza kufuata sukari. Ulipofika kwenye bakuli, kikaratasi changu kilikuwa mbele yake, na chake kilikuwa changu.

Hivyo tu. Sekunde mbili. Nimefanya michezo mingi mbele ya watu wengi, sijawahi kufanya safi kama ule.

"Fungueni," akasema Kaka.

Changu kitupu. Cha Kaka kitupu, na akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Dada akafungua chake, akaangalia ule wekundu muda mrefu. Nilisubiri alalamike. Nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Haya," akasema taratibu. "Mungu amechagua."



Akaenda kuandaa begi la Baba. Mimi, mtoto mwema, nikapiga magoti kumfunga Baba kamba za viatu. Akaniinamia sikioni. Nilidhani ataniuliza mimi ni nani.

"Gumba lako linakaa juu mno," akaninong'oneza. "Nimekwambia tangu zamani."

Nikaganda na kamba mkononi. Mtu huyu hakujua siku ile ni siku gani. Asubuhi yake alikuwa amejaribu kuvaa shati kama suruali. Lakini gumba langu aliliona, kutoka dirishani, upande wa pili wa chumba.

Akainuka, akashikwa mkono na Dada, akaenda.

Nikarudi nyumbani nikijipongeza. Mume mwema, nimeokoa nyumba yangu isibanwe. Nikafungua mlango, na sebule yangu siikuti.

Mke wangu alikuwa amevuta kabati hadi katikati ya chumba. Amening'iniza pazia. Nyuma ya pazia kuna kitanda kidogo, shuka limenyooka kama karatasi, kwa sababu kazi yake ni kupiga pasi kwenye duka la dobi na hawezi kuona kunyanzi akanyamaza. Kando ya kitanda kuna kigoda, na juu ya kigoda taa.

"Nimeazima kitanda kwa jirani," akasema, anahema, nywele zina vumbi. "Baba yuko wapi? Yuko nyuma na Kaka?"

"Baba ameangukia kwa Dada," nikasema.

Akakaa kwenye kile kitanda.

Mke wangu hakulelewa na baba. Hakuwahi kuwa naye. Gauni lake la harusi alishonewa na Baba yangu kwa siku tatu, akakataa kupokea hata shukrani. Tangu siku hiyo anamwita Baba bila kuongeza neno "mkwe".

"Nilikuwa naomba tangu asubuhi ituangukie sisi," akasema. "Si kitu. Wifi naye ni mtoto wake."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Neno moja tu, tena mlangoni, kabla hajavua viatu. Mimi nikasema, "Ndiyo bahati ilivyo," nikamsaidia kurudisha kabati mahali pake.

Wiki tatu zikapita. Kila jioni Mke wangu alikuwa akiuliza, "Kwa Dada wanaendeleaje?" na mimi nikawa najibu, "Vizuri," bila kupiga simu kujua.

Kisha Dada akapiga mwenyewe.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Sikuiti kwa ugomvi. Njoo tu unikalie na Baba nilale saa moja."

Mke wangu aliposikia, akasema ana mashati mawili ya Baba ya kunyoosha. Nitangulie, yeye atapitia akitoka kazini.

Dada alinifungulia mlango kwa funguo mbili na komeo. Nikatania, "Umeanza kuogopa wezi?"

"Naogopa Baba atoke," akasema.

Tukaenda jikoni. Alikuwa anamenya viazi, na kati ya kiazi na kiazi macho yalikuwa yakifumba. Ndipo akanieleza. Tangu afike Baba hajatamka neno, hata la kuomba maji. Wiki ya kwanza alitoka asubuhi bila kuonekana, wakamkuta kwenye duka la vitambaa anapima mabega ya wateja kwa viganja, na wateja wamejipanga foleni wakidhani ni mfanyakazi mpya. Siku hiyo Dada alichelewa zamu. Siku nyingine mbili akachelewa tena. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza kwa miaka kumi na tisa ya kazi.

"Na shemeji?"

"Amehamia kwa mdogo wake mpaka hali itulie." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Hali yenyewe ni baba yangu."

Nikaokota ganda la kiazi sakafuni. "Pole, Dada. Una moyo."

"Sina moyo wowote," akasema. Akafuta mikono, akachukua simu yake, akaibandua kava la nyuma. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi. Wino mwekundu. "Nikifika mahali nataka kupiga kelele, nakitoa nakiangalia. Najiambia, Mungu angeweza kumpa Kaka. Angeweza kumpa Vidole. Amenipa mimi kwa sababu ananijua. Ndicho kinachoniamsha asubuhi."

Akakibusu. Ndugu msomaji, akakibusu kikaratasi changu.

Nimewahi kutoa yai kwenye kofia ya polisi bila jasho. Siku hiyo, kwenye jiko lile dogo lenye harufu ya sabuni na maganda ya viazi, shati liliniganda mgongoni.

"Dada," nikasema. "Si Mungu. Ni mimi."

"Nini?"

"Kura. Hicho kilikuwa changu. Nilikiona kina alama, nikabadilisha na chako ulipokuwa unanisogezea sukari. Ulipokuwa unanieleza habari za mapacha."

Akatabasamu. Alidhani namfariji kwa mzaha wangu wa kila siku, na nikaona nafuu ya ule mzaha usoni mwake. Kisha nafuu ikaondoka.

"Nionyeshe," akasema.

"Dada..."

"Nionyeshe!"

Akachana risiti ya dukani vipande viwili, akakitia kimoja alama kwa kalamu yake ya wodini, akavikunja, akaviweka kwenye meza ya jikoni, chenye alama mbele yangu, kitupu mbele yake. Akakodoa macho kwenye mikono yangu na hakupepesa.

Nikamwuliza, "Barua ya onyo, aliisaini nani?"

Akaniangalia usoni. Mara moja tu.

Alipofungua cha kwake, kilikuwa na alama.

Sijawahi kufanya mchezo mzuri hivyo na nikapigiwa makofi machache hivyo. Dada akakiweka kile kipande mezani. Akafungua bomba, akanawa kwa muda mrefu, kama wanavyonawa kabla ya kumpokea mtoto.

"Wiki tatu," akasema bila kugeuka. "Wiki tatu namshukuru Mungu kwa kitu ulichonifanyia wewe."

"Nisamehe."

"Mpigie Kaka."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikakiri kwa mara ya pili. Nilitegemea matusi.

"Kwa hiyo," Kaka akasema, "zoezi lile ni batili. Itabidi tupige kura upya. Nina nafasi wiki ijayo Jumanne."

"Hakuna kura," Dada akamkatiza. "Baba anakwenda kwa Vidole. Leo. Sasa hivi."

"Na hilo nalo ni pendekezo zuri," akasema Kaka kwa haraka ya ajabu, akakata simu kabla hatujabadilisha mawazo.

Sasa niwaambie kitu cha aibu zaidi ya vyote. Nilifurahi. Nilijiona tayari niko nyumbani navuta kabati, naweka pazia, Mke wangu analia kwa furaha. Nitamwambia Dada alizidiwa, nami kwa huruma nikajitolea. Ukweli wenyewe nilishaanza kuukunja vizuri, nitafute mfuko wa kuuweka.

"Acha nikachukue begi lake," nikasema.

"Siendi."

Tuligeuka wote wawili. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kavaa koti lake la suti, vifungo vyote vimefungwa sawasawa. Dada akaziba mdomo kwa mikono yenye maji. Lile lilikuwa neno lake la kwanza kwa wiki tatu.

"Baba," akasema Dada, "umesema?"

"Kwa huyu siendi."

"Baba, ni mwanao," nikasema. "Ni mimi, Vidole."

"Nakujua." Alinitazama, na macho yake siku ile yalikuwa yale ya zamani, ya nyuma ya cherehani. "Nilikufundisha nini?"

"Kiinimacho, Baba."

"Ili nini?"

"Ili watu wacheke."

"Dada yako alicheka?"

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Hakuna aliyelifunga.

"Hapana, Baba."

"Basi," akasema Baba, na akageuza kichwa, kwa sababu kulikuwa na mtu sebuleni nyuma yake.

Mke wangu. Amesimama na mashati mawili kwenye hanga, meupe, yamenyooka. Dada, kwa uchovu, aliponiingiza mimi hakufunga tena, si kwa funguo wala kwa komeo.

"Umefika saa ngapi?" nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu asiye na tatizo lolote duniani.

"Nimefika kwenye 'Si Mungu, ni mimi'," akasema.

Hakunitukana. Ningelipenda anitukane. Aliyatundika mashati kwenye kitasa, akamsogelea Baba, akapiga magoti kidogo kumwamkia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Nikaona uso wake ukivunjika. Lakini Baba alikuwa anaendelea kumtazama, jicho moja amelifumba kidogo, kichwa amekiinamisha upande. Akanyoosha mkono, akamgusa bega.

"Bega la kushoto limeshuka nusu inchi," akasema. "Niliweka pedi. Gauni jeupe. Ulisimama vizuri, hukutingishika hata sindano ilipokugusa."

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja, na Dada naye, na mimi nikataka kujiunga, nikaona sikualikwa.

"Utakuja kukaa kwangu, Baba?"

"Kwako nakuja," akasema Baba. "Una pasi?"

"Ninayo. Tutapiga pasi pamoja, mimi naishika, wewe unanielekeza."

Dada alikwisha kwenda kuleta begi. Wakakumbatiana, wifi na wifi, muda mrefu, wakanong'onezana jambo ambalo sikulisikia na ambalo bila shaka lilinihusu. Nikaliinua begi.

"Liache," akasema Mke wangu.

"Ni zito."

"Nimebeba mazito. Liache." Akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo wa nyumba."

"Si una wako?"

"Ninao. Nataka wako. Baba anakwenda kwangu. Wewe sijui unakwenda wapi, na leo sina nafasi ya kufikiria."

"Mke wangu, hebu tuzungumze nyumbani."

"Ufunguo."

Nikaingiza mkono mfukoni. Humo nilikuwa na funguo mbili, wa nyumba na wa duka la misumari, zote za shaba, urefu mmoja, huwezi kuzitofautisha mpaka uzijaribu kwenye kitasa. Naapa sikupanga chochote. Lakini vidole vyangu vina mazoea yao, na mkono ulipotoka mfukoni nilihisi ufunguo wa duka umelala mbele, tayari kutolewa, na wa nyumba umejibana nyuma ya gumba.

"Dada, umempikia Baba kitu cha njiani?" nikauliza.

Dada akaniangalia. Baba akaniangalia. Nikauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mke wangu.

Yeye peke yake hakuinua macho. Alikuwa anaangalia gumba langu.

"Na huo mwingine," akasema. "Fungua mkono."